Jiko ya Mama Iko Ndani ya Debe

Asubuhi hii, Silanga huku Kibera, kelele inakatika na plot nzima inashtuka. Nzembi Ndululu amezima mota.

Debe lake limezunguka wiki baada ya wiki, grrr, grrr, mpaka watoto wa hapo wamezoea kulala nayo. Ikinyamaza ndo wanaamka.

"Nzembi! Stima imeenda?" Wangeci anaita kutoka kwa meza yake ya mboga, kisu kimesimama katikati ya sukuma.

"Stima iko. Ni mimi nimezima."

"Ni ile ya wale wa jiko?"

"Ndo hiyo. Na usiniongeleshe kwanza, nitakurushia kifuniko."

Wangeci anacheka, anaendelea kukata. Lakini stuli ameisogeza ndo aone vizuri.

Nzembi ni mama ametoka Mwingi, miaka arobaini na kitu, na kazi yake ni kusugua mawe. Anaweka mawe kwa debe na maji na unga mkali wa kusagia, mota inazungusha, mawe zinasuguana zenyewe. Kila awamu unga unakuwa laini zaidi. Mwezi ukiisha hivi, jiwe iliyoingia kama ya kurushia mbwa inatoka iking'aa kama peremende imetolewa mdomoni. Watu wa mikufu na bangili wanamjua. Mwezi mzuri analipa nyumba na karo na anabaki na ya nyama. Mwezi mbaya anakaa kwa meza ya Wangeci anamsaidia kukata mboga.

Mawe ya leo si ya kuuza. Ndo maana hataki kuongeleshwa.

Zililetwa na Sella, dada anashona nguo Kawangware, kwao ni Budalangi. Mafuriko ilipita kwao. "Maji ilibeba nyumba, ikabeba choo, ikabeba mpaka mti ya maembe," Sella alimwambia Nzembi siku ya kwanza. "Ikaacha figa moja tu."

Moja kati ya yale mawe matatu ya jikoni. Mama yao, ambaye alishafariki, alipikia wasichana watano hapo juu. Sella akaifunga kwa leso, akaipandisha basi hadi Nairobi, akatafuta mtu wa nyundo, ikapasuliwa. Vipande vitano, kimoja cha kila msichana. Akafikiria amefanya kitu ya maana.

Shida ni hakuuliza Annet.

Annet ndo kifungua mimba. Alipiga simu habari ilipomfikia, na Sella anaiga hiyo sauti mpaka leo: "Umepiga jiko ya mama nyundo? Wewe mtoto uko na akili kweli?" Akakata. Hawajaongea tena. Halafu wiki tatu zilizopita akatuma ujumbe, mfupi, kwamba anakuja Nairobi kuona hayo mawe na macho yake.

Anafika leo.

"Zikitoka mbaya, mimi sina mahali ya kuweka uso," Sella alisema. "Na hakuna mahali tutatoa figa ingine."

Na wiki iliyopita, zilikuwa zimetoka mbaya.

Ili uelewe, lazima ujue Nzembi na sabuni wametoka mbali. Alianzia Kawangware, chumba moja, debe likiwa chini ya kitanda. Sisi wote tumelelewa tukijua povu ndo usafi. Kwa hivyo siku ya kuosha mawe, Nzembi akamwaga poda ya kufua, ya kutosha blanketi tatu, akafunga, akawasha, akaenda soko.

"Kurudi, povu imetoka chini ya mlango," anakumbuka, mkono kwa mdomo. "Ya kijivu. Imefuata koridoo, imezima jiko ya jirani na maharagwe iko juu."

Keateka, yule mwangalizi wa plot, akaja akinusa. "Unapika nini huku?"

"Ni mawe naosha."

"Mawe inatoa povu? Mama, mimi si wa jana."

Yeye alikuwa ameshaamua ni pombe ya chang'aa. Halafu ile maji chafu Nzembi alikuwa anamwaga kwa mtaro ikaganda huko kama simiti, mtaro ukaziba. Hapo hata wenye walikuwa wanamtetea walimwambia ahame. Akahama. Mpaka wa leo, Kawangware wanamuita Mama Povu, na ni kwa hilo jina Sella alimpata.

Kibera ndo alikutana na Wanzala, fundi wa shaba wa hapo hapo, upande wa Lindi, mwenye anatengeneza hereni na anaongea kama redio. Wanzala ndo alimtengenezea debe mpya, mota imetoka kwa mashine ya kufua iliyokufa. Na Wanzala ndo alimpatia boraksi, ule unga mweupe yeye anatumia akiunganisha shaba kwa moto.

"Wacha poda," alimwambia. "Kwaruza sabuni ya kipande kidogo, weka kijiko moja ya hii. Povu kidogo, kazi mingi."

Kutoka hiyo siku, kabla mawe zitoke kwa unga mmoja ziingie kwa mwingine, Nzembi anazizungusha kwanza na maji safi, sabuni na boraksi. Chembe moja ya ule unga mkali ikijificha kwa ufa, ikuje kutoka wakati wa polishi, inachora mawe yote. Mkebe wa boraksi anauweka juu kabisa, karibu na mabati, amechora fuvu. "Wangeci aliwahi kudhani ni baking pauda," anasema. Na maji chafu siku hizi haiendi kwa mtaro. Inakaa kwa ndoo, tope inashuka, inakauka, inatupwa na takataka.

Sasa figa si jiwe ya kawaida. Imekula moto miaka na miaka. Ndani imejaa nyufa nyembamba kama nywele. Kama kuna jiwe inahitaji kuoshwa, ni hiyo.

Na ndo hiyo Nzembi aliosha vibaya.

Maji ya mfereji ilikuwa imepotea Silanga, zilizobaki ni mitungi ya kisima, ile ya chumvi. Boraksi ilikuwa imeisha. Wanzala ameenda matanga kwao Busia. Annet ameshatuma ujumbe. "Nikasema, aah, sabuni ni sabuni," Nzembi anasema. Akaosha na sabuni peke yake, na maji ya chumvi, akaingiza kwa polishi.

Kila mtu wa Nairobi amewahi kuoga na hiyo maji anajua sabuni inafanya nini. Haitoi povu, inashika mwili kama uji. Ilishika mawe hivyo hivyo. Alipofungua debe alikuta vipande vitano vina ukungu mweupe, kama macho ya mzee.

Hakujua kama ni uchafu ama ni mikwaruzo. Uchafu unatoka. Mikwaruzo, lazima urudi kwa unga mkali uanze upya, na vipande vilikuwa vimeshakuwa vidogo, na siku hakuna.

"Sikulala. Nilikuwa naona huyo Annet na simjui."

Wanzala kurudi tu, alimkuta Nzembi amesimama mlangoni kwake. Akampatia boraksi na matusi kidogo. Nzembi akasugua kila kipande na mswaki mzee, maji ya moto, halafu akarudisha zote kwa debe, sabuni ya kipande na kijiko chake, akawasha. Boraksi inalegeza hiyo maji ngumu, sabuni inaachilia. Kama ni uchafu.

Ndo hiyo debe anafungua sasa hivi, na Sella ndo anaingia getini, na nyuma yake mama mrefu wa kitambaa cha kichwa, mkoba kifuani.

"Mulembe," Annet anasalimia.

"Mulembe, mama. Karibu kiti."

"Nitasimama."

Nzembi anatoa vipande moja moja, anasuuza, anavipanga kwa leso kwa jua. Zinang'aa. Sella anashika mdomo. "Zimetoka! Zimetoka!"

"Bado," Nzembi anamwambia. "Jiwe ikiwa na maji inakudanganya kama mtu anaomba kura. Wacha ikauke."

Wangeci ameacha mboga kabisa. Chai inamiminwa kwa vikombe, hakuna mtu anaigusa. Jua linakula maji polepole, kutoka pembeni kuingia katikati.

Ya kwanza inakauka, inabaki inang'aa. Ya pili. Ya tatu na ya nne, kijivu na wekundu kidogo ndani, mpaka unaweza kuona kivuli chako. Ya tano nayo inang'aa, lakini imepitiwa na mstari mweusi, kutoka huku mpaka kule.

Nzembi anaangalia chini. "Hiyo moja nimeshindwa, mama. Hiyo nyeusi iko ndani. Nikiendelea itapasuka."

Annet anainama, anaichukua hiyo hiyo. Anapitisha kidole gumba kwa mstari. Anaiweka kwa shavu.

"Hii ilikuwa inaangalia moto," anasema.

Halafu anakaa.

"Leta hiyo chai." Anapuliza kikombe. "Wewe mtoto, ungeniuliza."

"Ungekataa," Sella anajibu, machozi inamtoka na anacheka.

"Ningekataa, ndio." Anakunywa. "Mkubwa ndo anachagua kwanza. Mimi nimechagua. Zingine mtajua na wenzako."

Wangeci anapiga makofi mpaka majirani wanachungulia.

Nzembi ana mpango. Anataka debe la pili na kibanda karibu na dam, kule bwawani, mahali mota inaweza kulia bila kuamsha mtoto wa mtu, na tayari ameanza kuongea na mwenye shamba. Boraksi haiishi tena: sasa ana mikebe miwili, fuvu mbili.

Kabla ya kuondoka, Annet anamuuliza Nzembi kama figa ya mama yake mwenyewe ameshaisugua.

"Ya mamangu bado iko motoni kule Mwingi," Nzembi anasema, akifunga debe. "Saa hii amewekelea muthokoi ya mahindi. Nitaenda Disemba nikae hapo kando nikule. Nyundo itabaki Silanga."