Koti la Kaka na Picha za Joni

Mimi ni mtu wa kuigiza watu. Nikikuona unatembea mara moja tu, kesho yake nimeshakutembea. Mwalimu wetu wa darasa la nne alinichapa kwa kumwiga anavyopenga kamasi, halafu akacheka mwenyewe, halafu akanichapa tena kwa kumchekesha mbele ya darasa. Mama alikuwa akisema, "Msichana gani wewe, nani atakuoa na mdomo huo?" Nami najibu, "Atakayenioa atakuwa kiziwi, Mama, tutaelewana." Basi huyo ndiye mimi. Na mdomo huohuo siku moja nusura uzike mtu ambaye hatukujua kama amekufa.

Mtu mwenyewe ni kaka yangu, mtoto wa kiume pekee wa mama yetu. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka aliandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Johanesbagi. Kwetu tunasema Joni tu, utadhani ni nyumbani kwa rafiki. Siku ya kuondoka alivua koti lake la kanisani, la rangi ya kahawia, akalitundika msumarini, akasema, "Mlitunze, nitalikuta." Kaka aliwahi kuvunjika bega utotoni, likapona likiwa juu kuliko lenzake. Alikuwa amelivaa lile koti mpaka likamjua. Hata likiwa msumarini peke yake, bega la kushoto lilikaa juu.

Barua ilikuja moja, Krismasi ya kwanza. Niliisoma mimi, maana nyumbani mimi ndiye niliyekwenda shule. Baada ya hapo kimya, mwaka ukaisha na mwingine ukafika nusu. Kila lori la watu waliotoka Joni likishusha pale Uyole, njia panda chini ya kilima chetu, Mama alikuwepo. Wanashuka na masanduku ya bati, blanketi, kofia, mmoja na santuri, na yeye anawauliza mmojammoja. "Joni ni kubwa, Mama." Wote walijibu hivyohivyo.

Ndipo likaja gari la sinema. Lilikuwa la ofisi inayoandikisha watu wa migodini, na lilikuwa linazunguka kuonyesha vijana jinsi Joni ilivyo nzuri. Lilifika Uyole siku ya soko, mwezi wa baridi kali. Giza lilipoanza kuingia wakafunga shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili, mashine ya umeme ikaanza kunguruma nyuma ya gari, na sisi tumejifunika mablanketi tumekaa chini kama viazi. Mzungu ndiye aliyeshughulika na mashine. Aliyesema na watu alikuwa mkalimani mwembamba, Mhehe wa Iringa, ameshika bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni.

Picha zilikuwa tatu, zote za Joni. Ya kwanza ilikuwa ya mji wenyewe, nyumba juu ya nyumba juu ya nyumba mpaka shuka likaisha na nyumba hazijaisha. Watu wanapita chini kama siafu, kila mtu ana haraka, hakuna anayemsalimu mwenzake. Bibi mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Sasa hawa wote wanalima wapi?" Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Unajua kuogopa kitu ambacho hakijakufanya chochote? Mimi niliogopa ule mji. Niliona mtu anaweza kuingia mle akapotea, na mji usijue hata kwamba umemmeza.

Ya pili ilikuwa ya mwizi anayekimbizwa na polisi juu ya mapaa ya zile nyumba ndefu. Aliporuka kutoka paa moja kwenda jingine, uwanja mzima tulishika vichwa, mtoto mmoja akaanza kulia. Mkalimani akapiga kelele kwenye bomba lake, "Msiogope! Huu ni mchezo tu! Huyo analipwa ili akimbie!" Halafu akasema, "Ila inayokuja sasa si mchezo. Hii ni kazi ya kweli, na watu ni wa kweli."

Naomba uyakumbuke maneno hayo, maana yeye mwenyewe aliyasahau.

Picha ya tatu ikawa ya mgodini. Wanaume weusi wengi wanatembea kwa foleni, kofia ngumu vichwani, taa kwenye kofia. Mama akaanza. Akapita mmoja: "Ni yeye?" Akapita mwingine: "Ni yeye yule?" Ananivuta blanketi. Jirani yetu mmoja, mama mwenye maneno, akasema, "Mwenzangu, mji mzima huo, utauliza mpaka jogoo awike!" Watu wakacheka. Walimcheka mama yangu. Mimi kuchekesha watu ni kazi yangu, lakini kile kicheko kilinichoma. Na Mama akaendelea tu, kwa sauti ya chini sasa, "Ni yeye?"

Kwenye shuka kulikuwa na mtu ametupa mgongo, anaingia na wenzake kwenye kitu kama banda la kuku la chuma. Nikanyoosha kidole. "Ndiye! Kaka huyo! Ona bega!"

Kwa nini nilisema? Nusu nilitaka wale wanyamaze, nusu nilitaka Mama afurahi. Na kidogo, nisiseme uongo mara mbili, ilikuwa mzaha. Sikuona bega lolote. Niliona mgongo.

Mama alisimama. "Mwanangu!" Uwanja mzima ukageuka. Na palepale lile banda la chuma likaanguka. Lilizama ardhini na watu wake wote, shwaa, kama jiwe kisimani, likabaki shimo jeusi. Mkalimani alikuwa amegeuka anaongea na Mzungu, hakutuambia kwamba ile ni lifti na itapanda tena jioni.

Shimo likaondoka. Picha iliyofuata, wanaume wamejipanga uwanjani, njuga miguuni, fimbo mikononi, wanaruka na kukanyaga ardhi kwa pamoja, ngoma zinapigwa, na watu wamezunguka wanawatazama.

Sasa nikwambie. Kwetu sisi Wanyakyusa, wanaume wakiruka hivyo kwa njuga na ngoma uwanjani, mtu amezikwa. Harusini hawachezi hivyo. Ni msibani: wanaume wanaruka na mikuki nje, wanawake wanalia ndani. Wachungaji wamekataza mpaka wamechoka, na watu bado wanaruka. Kwa hiyo pale Uyole hakuna aliyehitaji mkalimani. Mtu ameingia ardhini, halafu wenzake wamecheza. Jambo limekwisha.

Mama alilia kilio ambacho sijawahi kukiiga na sitakiiga. "Wamemzika! Mwanangu wamemzika!" Wanawake wakakidaka kilio. Mkalimani akarudi mbio kwenye bomba, "Jamani, jamani, ni Jumapili hiyo! Wanafurahi!"

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Alisimama na blanketi lake. "Wanafurahi mtu amekufa? Wewe umesema mwenyewe, hii ni kweli." Watu wakaanza kuondoka, wengine wanakimbia. Mashine ikazimwa. Nilitaka kusema, "Nilikuwa natania," lakini ulimi ulikuwa umeganda kama uji wa jana.

Nyumbani watu walijaa kabla hata hatujawasha moto vizuri. Mtu akifia mbali na mwili usije, nyumba yetu huzika nguo yake. Babu aliwahi kuzikiwa ndugu yake hivyo, shati na mkanda. Asubuhi Baba mkubwa akalitoa koti la kahawia msumarini, akalilaza kwenye mkeka katikati ya nyumba. Bega la kushoto likakaa juu. Wanawake wakakaa kulizunguka. Nje nikasikia jembe.

"Baba mkubwa," nikauliza, "mtu akizikwa koti, halafu akaja?"

"Haji."

"Lakini akija?"

"Akija si yeye tena. Hatumfungulii mlango."

Sikulala tangu jana, chakula kilinishinda, na kichwani kulikuwa na kitu kimoja tu: Kaka anashuka kwenye lori pale Uyole, sanduku kichwani, anapanda kilima anapiga mluzi, anabisha hodi, na sisi tumejibanza ndani kimya kwa sababu yangu. Na nyuma ya hilo kulikuwa na baya zaidi. Labda kwa kusema tu nilikuwa nimemuua kweli. Labda maneno hufika mpaka Joni.

Nikatambaa mpaka kwa Mama. Alikuwa amejipaka udongo usoni, kitambaa kiunoni, na shangazi alikuwa ananoa wembe wa kumnyolea.

"Mama, sikumwona."

"Nyamaza, mwanangu."

"Kweli Mama. Nilitania. Niliona mgongo tu."

Akanishika shavu kwa mkono wa udongo. "Najua unanidanganya ili nisilie. Una roho nzuri."

Ona sasa! Miaka yote nasema uongo wananiita mwongo, siku ya kusema kweli naambiwa nina roho nzuri. Shangazi akasema, "Huzuni imempanda kichwani huyu, mpeni maji." Nikakimbia.

Nilishuka Uyole bila kupumzika. Gari la sinema bado lilikuwepo, Mzungu amelala chini yake na spana, matusi tu yanatoka. Mkalimani anakunywa chai kwa mama ntilie.

"Kamwene," nikamwamkia kwa Kihehe, salamu niliyoijua ndiyo hiyo moja.

"Kamwene. We si ndiye wa jana? Uliyeniharibia sinema?"

"Nimekuharibia sinema, wewe umeniharibia kaka. Wanamzika sasa hivi. Wanachimba!"

"Wanamzika nani? Maiti iko wapi?"

"Koti."

Akaweka kikombe chini. Nikamweleza yote, njuga, ngoma, shimo, bega nisiloliona. Alisikiliza mdomo wazi. "Mimi miaka minne nazunguka na hiyo picha. Kila nikifika vijiji vya huku vijana hawajiandikishi, wanawake wanalia, na Bwana ananikaripia eti sisemi vizuri. Kumbe nawaonyesha msiba!"

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Kaka ameondoka juzi tu! Miaka miwili na nusu!"

Tukatazamana. Akachungulia ile miguu ya Mzungu iliyotokeza chini ya gari, akapanda nyuma taratibu, akatoka na kopo la bati la mviringo amelificha kotini. "Akijua nimetoa mkanda wa sinema, mimi ndiye nitakayezikwa koti. Twende."

Kilimani alikuwa anahema kama mbuzi mgonjwa. Mimi nilikuwa namvuta mkono. Kutoka mbali nikasikia njuga, wanaume wa kwetu walikuwa wameanza kuruka. Nikajua tumechelewa. Nikaanguka, nikainuka, nikaingia uwanjani napiga kelele kama mwehu.

Shimo lilikuwa limekwisha. Baba mkubwa alikuwa amesimama pembeni yake, koti limeviringishwa kwenye mkeka, mikononi mwake. Mama amenyolewa upande mmoja.

"Subirini!" mkalimani akasema, pumzi hakuna. Bila bomba sauti yake ilikuwa ndogo. "Shikamoo, mzee. Picha ile ilipigwa kabla kijana wenu hajaondoka hapa. Mimi ninayo mwaka wa nne. Wa jana si yeye, hata kama angetaka."

"Utasema nini kingine?" Baba mkubwa akajibu. "Wewe ndiye unayewachukua."

Mkalimani alifungua kopo, akavuta mkanda urefu wa mkono, akautafuta, akautafuta, halafu akaushika kuelekea jua. "Mama, njoo uone mwenyewe."

Mama alikuja na kichwa chake nusu. Akafumba jicho moja. Mle ndani kulikuwa na vijitu vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na kofia yake, vimeganda. Njuga zilinyamaza. Mama alitazama muda mrefu mpaka mkalimani akabadilisha mkono. Akakuta mgongo. Akavuta mbele kidogo, yule mtu akageuka upande.

"Huyu ana ndevu," Mama akasema. "Na mabega yake yako sawa." Akanigeukia. "Uliona bega gani wewe?"

"Hakuna, Mama."

Kofi halikuja. Nilikuwa nimeshafumba macho kulingoja. Nilipoyafumbua, Mama alikuwa amelichukua koti mikononi mwa Baba mkubwa, analikung'uta udongo, analirudisha ndani. Nikasikia msumari ukipokea uzito. Watu wakaenda makwao bila kujua waage namna gani. Shimo tulilifukia mimi na mkalimani, na yeye akaondoka mbio kabla Mzungu hajatoka chini ya gari.

Imepita miaka mitatu. Kaka hajaja, wala barua. Nywele za Mama zimeota zote, ila upande mmoja zimerudi nyeupe. Koti liko palepale.

Gari la sinema bado linakuja Uyole, na mkalimani sasa akifika kwenye njuga huanza mapema, "Ni Jumapili, hakuna aliyekufa!" Watu wanacheka. Mama hakosi hata mara moja. Tunakaa mbele kabisa, blanketi moja wawili. Zile nyumba ndefu zikitokea naanza kutetemeka, naye anadhani ni baridi, ananisogeza. Halafu inaanza ile foleni ya watu wenye taa vichwani, anajua kabisa ni wa zamani, na bado ananivuta mkono.

"Ni yeye?"

Namtazama yule mtu mpaka anapita mzima, kichwa, mabega, miguu.

"Siyo, Mama."

"Wa nyuma yake?"

"Siyo."