Msasa wa Sauti

Mzee Vumbi, kama walivyomwita pale karakana, alikuwa fundi wa kupiga msasa kwa miaka ishirini na saba. Meza, vitanda na milango vilipita mikononi mwake kabla ya kupakwa vanishi. Hakuna aliyemzidi kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyemzidi kwa wasiwasi. Mkewe alizoea kumtania: "Mume wangu kivuli chake kikichelewa tu, anaanza kukitafuta."

Basi siku moja binti yao, aliyekuwa akijifunza utangazaji redioni, alirudi nyumbani wakati wa chakula cha jioni, akasukuma sahani kando. Mama akamwuliza kulikoni.

"Bosi anasema nina sauti nzuri, ila lazima nipigwe msasa. Kesho ananisikiliza kwa mara ya mwisho."

Baba mtu akarudisha tonge sahanini. Wenzake wakisikia msasa, husikia sifa: hotuba imepigwa msasa, kijana kapigwa msasa, sasa anajua kusimama mbele za watu. Yeye alisikia ubao ukilia. Aliwahi kuharibu kabati la bibi harusi mmoja kwa kutaka ling'ae zaidi. Ubao wa juu ulikuwa mwembamba kama karatasi, akasugua, akasugua, akautoboa. Msasa hauongezi kitu, unapunguza tu. Sasa mwanawe watampunguza nini?

Asubuhi hakuonekana karakana. Miguu ilimpeleka redioni. Bosi mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani, akamkuta mapokezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye baba wa yule binti. Samahani, mama, huo msasa mtakaompiga ni namba ngapi, ule mkali au ule laini?"

Mama yule akaangua kicheko. Kisha akaona mzee bado anangoja jibu, kicheko kikakatika.

"Anakimbiza maneno, baba. Akifika mwisho wa sentensi anameza. Ni hicho tu."

"Na ile lafudhi ya mama yake? Mtaiondoa?"

"Hiyo ndiyo iliyonifanya nimchukue. Nani aiguse?"

Akamkalisha kwenye benchi, chini ya spika. Binti akaanza kusoma taarifa. Sentensi ya kwanza ilitoka mbio kama mtu aliyefukuzwa. Mzee akafumba macho. Ya pili ikatulia kidogo. Katika ya tatu binti akakohoa, akaomba radhi, akaendelea taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho. Jasho lilimtiririka baba kana kwamba yeye ndiye aliyeshika karatasi.

Binti alipotoka na kumwona, uso ulimwiva.

"Baba! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukusikiliza."

"Umeniaibisha."

"Najua, mwanangu. Wamesemaje?"

"Wamenipa taarifa ya saa nne asubuhi. Miezi mitatu ya majaribio."

Mzee alitaka kushangilia, lakini ulimi ukamteleza: "Na ikiisha hiyo mitatu?"

"Baba, hata sijaanza!" Binti akacheka bila kupenda, akamshika mkono, wakashuka ngazi pamoja.