Rili Iliyochaguliwa kwa Sikio

Juzi dukani Nyeri kijana alikuwa akiitazama rili, ile ya kukunja uzi wa kuvulia samaki, nikamkumbuka Baba. Alasiri moja ya utotoni mwangu, sokoni Karatina, katika harufu ya vitunguu na grisi, alizungusha rili zote za mtumba, kama elfu moja hivi, kila moja sikioni. Nilidhani wavuvi wote huchagua hivyo.

"Hii inakwaruza, mami. Hii ndiyo. Sasa nitafutie fimbo nyepesi ya kuifaa," akaniambia, mimi bintiye.

Nikamletea moja ndefu ya kufika Nanyuki. Akazipapasa pete zake za kupitishia uzi, moja moja.

"Tukifika mtoni, utakuwa ukiniambia samaki ameruka wapi."

Macho yake yalikuwa yanazimika, nami sikujua. Nilitoka sokoni nimepandishwa cheo, fimbo mkononi, mkono wake begani mwangu.