Karatasi ya Kumi

Nzula alikuwa akibishana na mteja aliyekataa kuvua kofia kwa ajili ya picha ya pasipoti, Amin alipoingia kibandani bila hata kubisha. Amin huuza vifuniko vya simu mlango wa pili, katika jengo moja nyuma ya Barabara ya Tom Mboya, na si mtu wa kukimbia. Ana kitambi chake na heshima zake. Siku hiyo alikuwa akihema.

"Mama Mulwa, achana na hiyo. Kuna mtu wa Loresho ananiuliza kama namjua yeyote anayeiweza kamera kama ile ya marehemu baba. Ile ya macho manne."

"Ya kufanyia nini? Filamu yake si iliisha dunia nzima?"

"Anasema anayo. Boksi moja, halijafunguliwa."

Mteja na kofia yake walisahaulika hapo hapo. Nzula aliketi kwenye kigoda, akasimama, akaketi tena. Ana miaka hamsini na sita, wajukuu wawili, na presha ambayo daktari amemwambia asiichezee, lakini moyo wake ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa soda. Boksi moja ni karatasi kumi. Yeye alihitaji moja tu.

Hiyo moja ina historia. Mwaka wa 1992 Nzula alitoka Machakos akaajiriwa na Mzee Muzammil, babake Amin, aliyekuwa na studio ndogo ya picha za papo hapo. Kamera yake ilikuwa na lenzi nne usoni, ndiyo maana watu waliiita macho manne. Ulibonyeza mara moja ukapata sura nne zilizofanana kwenye karatasi moja. Kisha ulivuta ulimi mweupe wa karatasi uliochomoza ubavuni, halafu ule wa manjano, na karatasi ikatoka imebanwa kati ya rola mbili za chuma, zikiipaka dawa yake. Ulisubiri kidogo, ukaibandua, na picha hiyo hapo, bado mbichi.

Ila kwa Mzee Muzammil mteja hakuondoka na sura nne. Ofisi nyingi zilitaka picha mbili, na mzee alichukia israfu kuliko alivyochukia moshi wa sigara. Kamera ilikuwa na kifuniko kidogo cha kuziba macho mawili. Mteja wa kwanza alipigwa nusu ya karatasi, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Kifuniko kikahamishwa upande wa pili, na anayefuata akapigwa nusu iliyobaki. Ndipo karatasi ikavutwa. Watu wasiojuana kabisa walitokea bega kwa bega, mhubiri na mwizi wa mfukoni, hadi mkasi ulipowatenganisha. Sheria nyingine ya mzee ilikuwa fupi: karatasi ni ya mteja. Mfanyakazi hapigi ndugu, hapigi mchumba, wala hajipigi mwenyewe.

Mbithi alikuwa mchumba. Alikuwa muuza nyama kule Dagoretti, na kila Jumamosi alioga mara mbili kabla ya kuja mjini kumwona Nzula. Aliomba picha, akanyimwa. "Siku moja nitakupiga," Nzula akamwahidi. Wakaoana, wakahamia Waithaka, Mulwa akazaliwa na kuota ndevu, na siku hiyo moja ikawa bado haijafika. Mbithi aliigeuza kuwa utani wa nyumba. Akiletewa chai, aliuliza, "Leo ndiyo siku yenyewe?"

Kisha mzee akafariki, kamera ikauzwa pamoja na mali zake nyingine, na kiwanda cha ng'ambo kikaacha kutengeneza filamu ya aina ile. Karatasi ya mwisho ilikuwa imeenda kwa vijana wawili waliokuwa wakisafiri Doha kuendesha malori. Nzula alimweleza mumewe siku ile ile. Mbithi akasema, "Haya basi," akamaliza chai yake. Tangu hapo hakuuliza tena. Utani ule ulikuwa umemchosha Nzula miaka yote, na sasa ulipokatika ulimuuma kuliko kama angelaumiwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa Loresho.

Mwenye boksi aliitwa Zadock, mwalimu wa uchoraji, mwenye nywele nyingi na subira kidogo. Kamera aliiokota kwa wauza mitumba, filamu aliitoa kwa mpiga picha aliyestaafu. Mamake alikuwa akitimiza miaka sabini Jumamosi, na Zadock alitaka mama huyo na wenzake saba wa chama cha akina mama, kila mmoja aende nyumbani na karatasi yake ya sura nne.

"Simu kila mtu ako nayo, mathe," alisema. "Mimi nataka kitu wanaweza kushika."

"Nitakutengenezea kamera, na nitawapiga wote wanane. Sitaki malipo mengine. Nataka karatasi moja."

"Ya kupiga nani?"

"Mzee wangu."

Zadock akahesabu kwa vidole: moja ya kujaribu, nane za akina mama, moja ya Nzula. Kumi, na hakuna ya akiba. "Lakini hii filamu ili-expire 2018. Ya mtu ikiharibika, lazima nimrudie. Na hiyo itatoka kwa yako."

"Najua."

"Sitaki unikasirikie baadaye."

"Kijana yangu, nimesema najua."

Alipofungua mgongo wa kamera alitamani kumchapa mtu. Dawa iliyokauka ilikuwa imegandamana kwenye rola kama ukoko kwenye sufuria ya ugali. Zadock akaleta kisu, naye Nzula akakisukuma kando kwa kiwiko, maana ukiikwaruza rola mara moja, mkwaruzo huo utauona kwenye kila picha hadi siku ya kufa kwako. Alitumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu, ukucha wa kidole gumba, na mwisho spiriti kidogo. Kisha akakibonyeza kitufe mara hamsini, sitini, hadi macho yote manne yakawa yanapepesa pamoja bila kusinzia. Hakuwa amegusa mashine kama ile kwa miaka, lakini vidole vyake vilikuwa mbele yake, vinakumbuka kila kitu. Alijikuta anacheka peke yake, sebuleni kwa watu.

Jumamosi kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia hadi kwenye meno. Karatasi ya kwanza, ya kujaribu, ilitoka na madoa manne ya kahawia, yaliyopangana kwa umbali sawa kutoka juu hadi chini.

"Imekufa," Zadock akasema. "Si nilikwambia?"

"Iko hai kabisa. Angalia rangi ya nyasi. Madoa yanayofuatana hivi ni rola, si filamu. Kuna chembe imebaki, na kila rola ikizunguka inapiga muhuri." Akaitafuta kwa kidole, akaipata, ndogo kuliko punje ya simsim, akaitoa kwa ukucha.

"Basi jaribu nyingine."

"Hakuna kujaribu tena," alisema Nzula, naye Zadock akaona ni heri aende kupanga viti.

Mama mwenye sherehe alikuwa wa kwanza. Nzula akavuta ulimi mweupe, akavuta wa manjano kwa mkono mmoja ulionyooka, bila haraka na bila kusita, akaitia karatasi kwapani, chini ya sweta. Dawa ya filamu ile haipendi baridi, na kwapa la mwanakwaya ndilo joto la uhakika kuliko yote Nairobi. Muda hakupima kwa saa. Alipima kama alivyozoea, kwa wimbo wa kwaya ya kanisa lao, beti tatu za mwendo wa pole. Mwisho wa ubeti wa tatu akaibandua.

Mara nne mama yule alikuwa amekaa pale, na gauni lake la zambarau, na kila uzi wa kilemba ukionekana. Wanawake waliinuka vitini. Mmoja aliigusa akavuta kidole haraka, akanusa dawa, akapiga vigelegele. Nzula aliomba radhi akaingia msalani, akafunga mlango, akarukaruka mahali pamoja kama wajukuu wake. Kisha akatoka ametulia.

Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Zote zilitoka safi. Kufikia hapo chama kizima kilikuwa kimejifunza wimbo na kuimba naye. Ilikuwa raha tupu. Zamu ya Mama Kanyiva ilipofika, mtu akaanza kupiga makofi, mwingine akagonga sahani kwa kijiko, na wimbo ule wa pole ukapata miguu. Nzula naye aliimba sauti ya pili kwa nguvu, macho amefumba. Beti tatu zikaisha, akabandua.

Mama Kanyiva alitoka amepauka, wa kijanikijani, kama mtu aliyezama mtoni. Karatasi ikishabanduliwa hairudi. Dawa imeachana na picha na basi. Nzula alijua mara moja kosa lilikuwa la nani. Waliukimbiza wimbo, na yeye, mwenye kupima muda, alikimbia nao.

"Mama Kanyiva, nisamehe. Ni mimi nimeiharibu."

Zadock alihesabu tena kwa vidole. Karatasi tatu zilibaki, na wanawake watatu: Mama Kanyiva wa kurudiwa, Wanjira, na Bi. Mahira, rafiki wa mama mwenye sherehe tangu walipofanya kazi pamoja ofisi moja mjini. Tatu kwa tatu. Nzula alimpiga Wanjira, na safari hii aliimba peke yake, ubeti kwa ubeti, huku wengine wamekaa kimya kama wako mtihani. Ilitoka vizuri. Aliichukia kidogo kwa kutoka vizuri.

Ndipo alipokiona kile kifuniko, kimelala pembeni mwa lenzi, hakijatumika mchana kutwa.

Aliwaendea wale wawili waliobaki akawaambia ukweli wote: kwamba kila mmoja aliahidiwa sura nne, kwamba wakikubali kugawana karatasi watapata mbili mbili, na kwamba itakayobaki ni ya mumewe, ambaye amesubiri tangu tisini na nne.

"Tisini na nne?" Bi. Mahira akauliza. "Na hajakuacha?"

"Hajaniacha."

"Mbili zanitosha, mdogo wangu. Uso huu nimeuona miaka yote, haunipungukii."

Mama Kanyiva naye akasema mbili za rangi ya binadamu ni bora kuliko nne za kijani. Nzula akaziba macho mawili, akampiga mmoja, akahamisha kifuniko, akampiga wa pili, akavuta. Jioni Zadock alimkabidhi kamera ikiwa na karatasi moja ndani. "Nirudishie Jumatatu," alisema, na akaifunga kwa taulo yake mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada, Nzula alimkalisha Mbithi kwenye kiti nje ya mlango, Waithaka, ukuta wa nyumba nyuma yake. Mbithi alikuwa amenyoa na kuvaa tai, amekaa wima sana.

"Leo ndiyo siku yenyewe?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Ndiyo yenyewe, Baba Mulwa. Usicheke."

Nzula akapima umbali kwa kipande cha uzi, kutoka kamera hadi ncha ya pua yake, kama alivyopima pua elfu ngapi sijui. Akabana viwiko mbavuni. Akabonyeza. Macho yakapepesa. Kidole chake kikashika ulimi mweupe, na hapo akakiona kifuniko, kimeziba macho mawili, vile vile alivyokiacha kwa Bi. Mahira.

"Ngai," alisema polepole.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimekupiga nusu. Nusu nyingine iko tupu." Akavuta pumzi. "Hakuna shida. Kaa hivyo hivyo, nikupige tena upande wa pili. Zitakuwa nne."

Mbithi aliinuka kwenye kiti. "Si kwa mzee wenu nusu ya pili ilikuwa ya anayefuata?"

"Ndiyo."

"Kwa hii benchi anayefuata ni nani?"

Nzula alitazama kulia na kushoto, kweli, kama mtu anayetafuta mteja. Kisha akaelewa, na akaanza kukataa: nywele hazijasukwa, hii ndiyo sweta ya jikoni, na hata hujui kushika kamera. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amesimama nyuma ya kamera, na hakuna lenzi hata moja kati ya nne iliyowahi kumtazama. Mbithi alikuwa ameshaichukua kamera kwa mikono yake mipana ya muuza nyama, ameibeba kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Kaa," alisema. "Na usicheke."

Nzula alimwelekeza kuhamisha kifuniko, akahakikisha mara mbili. Mbithi akaunyoosha uzi hadi kwenye pua ya mkewe, akaitekenya kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na Nzula akacheka, akacheka na meno yote, na hapo hapo akasikia kitufe.

Aliuvuta ulimi mweupe, akavuta wa manjano, akaitia karatasi kwapani. Aliuimba wimbo pole kuliko alivyowahi kuuimba, na Mbithi, asiyejua kuimba, alisimama karibu akihesabu beti kwa vidole. Wakabandua pamoja. Mbithi mara mbili, mkali kama askari wa lango. Nzula mara mbili, amepinda kidogo, anacheka, ukosi wa sweta umekaa upande. Hakuwahi kujua kwamba anapocheka hufumba jicho moja.

Zilipokauka alileta mkasi, akakata kama alivyowakatia watu wote, katikati kabisa, akamsukumia mumewe zile mbili zenye tai. Maisha yake yote ya kazi, kila mtu aliyepigwa kwenye karatasi ile aliondoka na uso wake mwenyewe.

Mbithi alizitazama zake, akamrudishia. Akachukua zile mbili za Nzula, akazitia kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, akauliza kama chai iko tayari.