Nyayo Kabla ya Hina

Harufu ya hina mbichi hunirudisha mkekani kwa nyanya yangu, Mji wa Kale. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na nesi alikuja nyumbani kumfunza kutunza miguu. Nyanya akamwonyesha kwa madaha nyayo zake zilizokolea hina.

"Mashallah, zapendeza," nesi akasema. "Lakini bimkubwa, hina yaficha kidonda. Kabla hujapaka, huyu mjukuu azitazame."

Akakishika kidole changu, akakipitisha polepole kisiginoni mwa nyanya. Kikakwama kwenye pini ya mtandio iliyozama nyamani.

Nyanya akainama kuitazama, kisha akacheka. "Na mimi nikidhani miguu imepona, kwa kuwa haiumi tena! Kumbe imekufa ganzi!"

Leo binti yangu anakoroga hina ya kunipaka. Kabla hajaniita, nimeshamnyoshea nyayo zangu penye mwanga, azitazame kwanza.