Code yangu ya kupanga majina iliwajaza akina mama wote kwenye M (kisa cha Buffalo)

Wakuu, kwema?

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijakiongezea chumvi. Mwenye haraka aruke aende mwisho, sitamnunia.

Mimi Mbongo, kazi yangu ni kutengeneza website. Mwaka 2015 nilikuwa Buffalo, kule juu kabisa New York, sio ile New York ya kwenye TV.

Nilianzia Louisville, contract ikaisha. Nikaenda Columbus, nako ikaisha. Ndio nikaangukia Buffalo, ofisi iko Amherst, mimi nimepanga chumba Riverside.

Louisville niliondoka na hakuna aliyepiga simu kuuliza mbona hatukuoni. Columbus vilevile. Wanaonipigia ni wauza bima tu.

Upweke wa huku si kwamba watu wana roho mbaya. Kila mtu ana shift yake. Wikiendi inapita hujatamka neno la Kiswahili, Jumatatu ukifungua mdomo sauti inatoka kama mlango wa stoo.

Sasa Buffalo napo lease ya chumba ilikuwa inakaribia kuisha, na kuna ofisi ya Texas ilikuwa inanitaka. Moyoni nilishaamua. Nitaondoka kimyakimya kama kawaida yangu, nani atajua?

Kabla sijaondoka nikaombwa kazi ndogo.

Kuna umoja wa waongea Kiswahili pale. Wengi ni Wakongo wa Kivu, Warundi kiasi, na sisi Wabongo wachache. Katibu alikuwa Mama Furaha, mtu wa Uvira, anahudumia wazee majumbani. Mama mkali, ila ukiingia kwake hutoki bila kula.

Watu wetu walikuwa wanahamahama sana kati ya Louisville, Columbus na Buffalo, wakifuata kazi na ndugu. Mama Furaha akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "Bon, utufanyie fasi moja kwa internet, majina na telefone. Mutu akifika asikose wa kumupokea."

Nikasema hilo dogo.

Kwa wasiojua: kurasa za mtandao zinaendeshwa na lugha inaitwa JavaScript, na ndani yake kuna amri inaitwa sort(). Unaipa orodha ya maneno, inakupangia kwa alfabeti. Mstari mmoja tu, mteremko.

Ina kasumba zake lakini. Herufi kubwa zote inazitanguliza mbele ya ndogo, kwa hiyo jamaa aliyejiandika "amisi" alitupwa chini kabisa, baada ya Zawadi. Hilo nilikuwa nalijua. Unazigeuza zote kuwa ndogo wakati wa kulinganisha, yanaisha.

Nikaenda kuonyesha kazi kwenye kikao, ukumbi mmoja Cheektowaga. Natembea kifua mbele.

Mama Furaha akachukua simu, akawa anateremsha kidole. Anateremsha tu.

"Donc, sisi wote tuko pa M?"

Nikaangalia. Kweli bwana. Mama Furaha, Mama Neema, Mama Riziki, Mama Zawadi, akina mama wa miji mitatu wamerundikana kwenye M, na akina baba wote kwenye B. Herufi nyingine zimebaki na vijana wachache ambao hawajazaa. Wakuu mnajua kwetu ukishapata mtoto jina lako linawekwa kabatini. Mimi nimelelewa humohumo na bado sikuliwaza.

Watu wakacheka, nikajikaza nikacheka nao.

Nikarudi nyumbani na akili zangu za ofisini. Nikabadilisha fomu: kila mtu aandike jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Orodha ikatoka imenyooka, A mpaka Z. Nikajipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Jumamosi moja mchana theluji inamwagika, simu ikaita. Namba ya Kentucky. Ni mwanamke, nyuma yake watoto wanalia.

"Pardon, uko nani? Niko pa stesheni ya bus, Buffalo. Natafuta Mama Furaha mu ile liste yenu, simuone."

Alikuwa Mama Neema, mdogo wake Mama Furaha. Katoka Louisville na watoto, bus ikapitia Columbus, huko simu yake ikapotea na namba zote. Mumewe kabaki nyuma kumalizia kazi kiwandani. Kaazima simu ya abiria mwenzie na kafungua website yangu. Wote anaowatafuta wamo mle, ila kwa majina ambayo hajawahi kuyasikia. Hata jina la makaratasi la dada yake, alilopewa na maafisa kwenye kambi ya wakimbizi, hakulikumbuka. Namba pekee aliyothubutu kuipiga ni yangu, ile niliyoweka chini ya ukurasa kwa wenye matatizo ya kiufundi.

Nikataka kumtafutia namba ya Mama Furaha mlemle kwenye orodha, maana sikuwahi kuihifadhi. Na mimi sikulijua jina lake. Mimi niliyeitengeneza hiyo orodha.

Nyumbani kwake nilikuwa napajua, nikachukua funguo za gari.

Niliwakuta wamebanana kwenye benchi, watoto na makoti mepesi. Nikawasha heater mpaka mwisho. Neema, binti mkubwa, akakaa mbele na kuniuliza kwa Kiingereza, "Are you family?"

Mama yake akajibu nyuma yangu, "Ni mujomba. Musalimie."

Nikaingiza gari barabarani. Wajomba mnaelewa. Mjomba sio rafiki wa familia, mjomba ni tumbo moja na mama yako.

Kwa Mama Furaha tulipokelewa kwa machozi, kisha nikapewa changu. "Uliandika jina yangu ya makaratasi. Nani anaijua iyo? Hata bwana yangu anaisahau." Halafu akanisogezea sahani ya bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilikula kama mtu aliyetoka jela.

Wiki ile nikarudisha majina ambayo watu wanaitwa, na code nikaiandika upya. Ile sort() inakubali uipe kanuni yako: inakuletea majina mawili mawili, wewe unajibu nani atangulie. Ukirudisha namba hasi, anatangulia wa kwanza. Chanya, wa pili. Sifuri, wako sawa. Kanuni yangu ikawa inaruka neno Mama au Baba, inalinganisha jina la mtoto. Jina la mtoto likiwa lilelile, ndipo inaangalia lile neno la mbele.

Baba Neema na Mama Neema wakakaa pamoja kwenye N, japo mmoja yuko Louisville na mwingine Buffalo.

Mimi sikujiweka. Sina mtoto, na safari ya Texas ilikuwa palepale.

Siku niliyotaka kuwajibu Texas, nikafungua ukurasa kuukagua kwa mara ya mwisho. Kwenye M, ambako sasa hakutakiwi kuwa na msongamano, kuna mtu mmoja amekaa peke yake.

Mujomba Neema.

Nikajua ni bug, kosa la code. Nikaangalia namba ya simu pembeni. Ni yangu.

Nikampigia Mama Furaha.

"Ni miye niliandika. Neema anauliza kila siku mujomba iko wapi. Ukiwa hauko mu liste, tutakuita namna gani?" Kisha akaongeza, "Lakini iko vibaya. Imekuweka mbali na wenzako. Rekebisha."

Nililia wakuu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikafungua code. Pale penye mama na baba nikaongeza neno la tatu, mujomba. Nika-refresh. Lile jina likatoka M, likashuka na kutulia kwenye N, chini ya Baba Neema na Mama Neema.

Texas niliwaandikia hapana. Lease nikaongeza.

Nilichojifunza: kompyuta itakupanga vyovyote utakavyoiambia, ila pa kukaa unaonyeshwa na watu. Na ukihamia mji mpya, usiishi kama msafiri anayesubiri gari.

Mlioko mbali, hebu semeni hapa chini: leo ukihama hapo ulipo, nani atakupigia? Na ma-developer, mkitaka hiyo code nitaibandika, ila neno la tatu kila mtu ataweka la kwake.