Shingo kwa Ajili ya Bega

Nilimpelekea bega, yeye akashika shingo. Nilidhani hakuelewa Kifaransa changu, kwa hiyo nikaonyesha tena kwa kidole: hapa, begani, upande wa kulia. Yule dada aliitikia kwa kichwa. Alikuwa kiné, ndivyo watu wa hapa Brussels wanavyomwita anayetibu viungo kwa mikono. Alikuwa amenielewa, lakini vidole vyake vilibaki shingoni. Mimi nikatazama dari.

Nacheza voliboli katika timu ya Warundi na Wakongo inayofanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja huko Evere. Nafasi yangu ni kushoto, mbele, karibu na wavu. Mimi ni wa kupiga. Si mtu wa maneno. Shule yangu iliishia ya msingi, kule Uvira, na hapa nikiingia dukani nachukua vitu ambavyo sihitaji kuviulizia. Uwanjani ni tofauti. Mwenzangu anapandisha mpira, anaita "Yako!", naruka, napiga. Hakuna anayesubiri nijibu kitu.

Baridi ilipokuwa inaisha, mkono ulianza kukataa. Ulipanda hadi usawa wa sikio, ukasimama hapo. Haukuuma sana. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine niliopewa nishike. Wiki niliyokwenda kwa kiné, kocha wetu, mzee mmoja Mrundi ambaye kazi yake ni kuendesha basi, alisema mechi ya Jumapili atanichezesha ikiwa mkono utapanda. Usipopanda, ataingia kijana mpya, mrefu kunizidi.

"Na huyo akishaizoea hiyo nafasi," aliniambia, "kuitoa kwake itakuwa kazi. Nakwambia mapema."

Kabla ya kiné nilikuwa na dawa yangu. Kinyozi wangu yuko Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini. Ni mtu wa Bukavu, si ndugu yangu, lakini sote tunamwita tonton, yaani mjomba. Kwake kunyolewa hakuishi na mashine. Akishapangusa nywele, anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anazungusha kichwa taratibu, halafu anakivuta ghafla. Krak. Kisha upande wa pili. Ni zawadi yake kwa kila kichwa, na hakuna anayeikataa. Wanaosubiri zamu huacha simu zao ili wasikilize.

"Tonton, ya kushoto haikulia! Rudia!"

"Wee nyamaza, wewe njo unafuata. Na shingo yako iko mugumu sawa ya punda."

Mara ya kwanza baada ya mkono kukataa, alinizungusha, na jioni ile mazoezini mkono ukapanda mpaka juu. Nikafikiri nimepata dawa. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena, nywele zikiwa bado hazijaota. Tonton alinitazama kichwani akacheka.

"Mutoto, sasa ninyoe nini? Ngozi?"

Lakini alinifunga kitambaa, akapitisha mashine juu ya kipara, akafika shingoni. Krak. Mkono ulipanda, ila pungufu ya mara ya kwanza. Niliona kwamba dawa ni ileile, kilichopungua ni kipimo, kwa hiyo nikawa namwomba avute kwa nguvu zaidi. Halafu vidole viwili vya mwisho vya mkono huo vikafa ganzi. Nyumbani maman, mama yangu, aliniona nimeangusha kikombe cha chai nikabaki nimekitazama tu chini, wala sikuinama. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na daktari akanituma kwa kiné.

Kiné hakunizungusha. Alibonyeza kidogokidogo kwa kidole gumba, kando ya mifupa ya shingo, kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niinue mkono. Ulipita sikio kidogo. Niliutazama pale juu na sikufurahi wala sikushangaa.

"Hii ni ya leo tu," alisema, akiongea polepole kwa ajili yangu. "Shingo ikilegea, bega linapata nafasi. Nafasi hiyo lazima uijaze na nguvu, kila siku, bila haraka." Akanipa ukanda wa mpira wa kuvuta. Halafu akauliza, "Kuna mtu anayekuzungusha shingo?"

Nikaonyesha kwa mikono yangu: kidevu, kisogo. Akaacha alichokuwa anafanya.

"Mwambie asiiguse. Vidole vikiwa na ganzi, mtu asikuzungushe kabisa. Unaweza kuumia vibaya."

Kumwambia. Nilitoka pale nikiwa na ukanda mfukoni na neno hilo kichwani, na neno lilikuwa zito zaidi. Nilijua pia kwamba krak moja ya Jumamosi ingeweza kuniingiza uwanjani Jumapili.

Jumamosi nilikwenda kama kawaida. Safari hii nywele zilikuwepo. Tonton alinyoa, akapangusa, akaweka mashine mezani. Mkono wake ukaja kidevuni.

"Tonton, shingo hapana."

Nilisema kwa sauti ndogo, hakusikia. Kichwa changu kilikuwa kimeanza kuzunguka. Nikamshika kifundo cha mkono. Sijawahi kumshika mtu mzima namna ile.

"Unasema aje?"

"Kiné amekataza. Vidole havisikii."

"Kiné?" Aliangalia wateja, kisha mimi kwenye kioo. "Miaka yote mi nashika vichwa vya batu. Kuko mwenye alikufa?"

"Bado, tonton," akasema mmoja kwenye benchi. "Huyu njo tulikuwa tunangojea."

Wakacheka wote isipokuwa tonton. Alinifungua kitambaa, akakikung'uta mara moja, kwa nguvu.

"Bon. Enda."

Nilitembea barabara ya Chaussée de Wavre, nikapita maduka ya vitenge na watu waliojaa mlangoni pa duka la samaki. Nilidhani nitaona aibu au nitaona nafuu. Sikuona kitu. Nilipanda basi nikakaa.

Jumapili, kabla ya mechi, kocha alisema, "Inua." Nikainua. Mkono ulifika sikioni. Alisubiri kidogo, kama labda kuna mwendo uliobaki.

"Kaa, kijana."

Nikakaa kwenye benchi. Yule mrefu aliingia mahali pangu, na alipiga vizuri. Seti ya pili mlango wa ukumbi ulifunguka, akaingia tonton. Sikuwahi kumwona pale. Alisimama kwenye ngazi za watazamaji akapaza sauti:

"Kocha! Ingiza mutoto yangu! Kichwa ile njo mimi nilinyoa!"

Watu wakacheka. Mtu mmoja alimwambia sikioni kwamba mkono haupandi, na tonton akashuka, akaketi nyuma yangu.

"Inua nione."

Nikainua.

"Inaishia pale?"

"Ndiyo, tonton."

"Na jana ungeniacha nivute, leo ungecheza."

"Labda."

Halafu mkono wake ukanijia kisogoni, kama ulivyozoea. Nikakaza mwili. Haukuzungusha. Ulikaa tu, wenye joto, ukinuka dawa ya kupaka baada ya kunyoa.

"Donc, basi huyu kiné," alisema taratibu, "anabonyezaga wapi?"

Nikamwonyesha. Hakubonyeza. Alipagusa kwa kidole kimoja, kisha akauondoa mkono na kuuweka juu ya goti lake.

Yule mrefu alipiga mpira ukaanguka ndani. Seti ikawa yetu. Benchi zima lilisimama na kuinua mikono. Nami nilisimama nikainua yangu, wa kushoto mpaka juu, wa kulia mpaka sikioni.